Kitabu cha Mapishi cha Naume

Wiki iliyopita binti wa Naume alinipigia simu kutoka Mbale kuniambia mama yake amelala na hakuamka. Nililia mpaka jirani wa juu akateremka kuuliza kama bomba la maji limepasuka. Halafu, Mungu anisamehe, nilipomaliza kupenga kamasi kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba sasa hakuna tena mtu duniani wa kuniambia, "Esta, hapo umetia chumvi." Miaka yote hii Naume ndiye alikuwa mzani wangu. Nikisema nyoka alikuwa mrefu kama treni, yeye anasema, "Kama mkanda." Sasa nyoka wangu wanaweza kurefuka wanavyotaka, na wala sioni raha yake. Kwa hiyo huu mwaka wetu wa Muscat, mwaka niliofanya kazi Ghubra nikiwa na miaka ishirini na mbili, nitausimulia kama vile bado anasikiliza.

Mwaka ule niliogopa. Siyo kuogopa kama watu, leo unaogopa, kesho umesahau. Mimi niliogopa kama kazi ya kuajiriwa, asubuhi naamka naanza, jioni nafunga, na siku ya mapumziko naogopa zaidi kwa sababu nina nafasi. Sababu yenyewe ni hii: mimi ni Myahudi. Ndiyo, umesikia vizuri. Kule milimani nyuma ya Mbale tuko, weusi kama masufuria ya harusi, tunashika Sabato tangu enzi za mababu. Wakala aliyenitafutia kazi aliponiuliza dini, aliandika Mkristo kabla sijafungua mdomo, akasema hivyo ndiyo rahisi, na Esta ni jina ambalo Mkristo analivaa bila kuulizwa. Basi nikapanda ndege na uongo wa mtu mwingine kwenye makaratasi yangu. Hakuna aliyenitisha, lazima niseme ukweli. Nilijitisha mwenyewe. Jioni televisheni ya sebuleni ilionyesha vita, Bibi mwenye nyumba anafuta machozi kwa ajili ya watoto wa watu, neno Mayahudi linatajwa, na mimi hapo katikati napitisha sinia la kahawa na vikombe vinacheza ngoma juu yake. Mimi pia niliwalilia wale watoto, lakini nililia jikoni, kwa sababu sikujua machozi yangu yangehesabiwa ya upande gani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bibi Zuwena, mwanamke wa Unguja mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, aliyekaa na mwanawe Bwana Nassor, wa serikalini, na mkewe Bi Salma. Bibi ndiye aliyekifua Kiswahili changu. Nilikuja na kile cha mpakani, cha Malaba, akakisugua kama sufuria. "We Esta, usiniambie 'leta ile kikombe,' miye nna masikio, nnaumia!" Chumba chake kilinuka udi, dawa ya kifua na machungwa, kwa sababu maganda ya machungwa aliyakausha juu ya redio na hakuna aliyejua kwa nini. Jiko kubwa lilikuwa nje, nyuma ya nyumba, lenye dirisha linalotazama baraza la wanawake, na chumba changu kilikuwa ubavuni mwa jiko, kidogo hivi kwamba nikinyoosha miguu ilibidi niombe ruhusa ya ukuta. Humo ndani nilikuwa na siri tatu. Ya kwanza, kikombe cha maji chini ya kitanda, cha kunawa mikono kabla sijashusha mguu asubuhi, na yale maneno ninayonong'ona nikiamka. Ya pili, mishumaa miwili ya Ijumaa, niliyoiwasha ndani ya ndoo ya kufulia ili mwanga usitoke mlangoni, ndoo ikapata moto mpaka siku moja ikayeyuka sikio. Ya tatu ilikuwa bokoboko.

Hii ya bokoboko nieleze. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, na kwenye Sabato hatuwashi moto. Ule uliowashwa kabla unaruhusiwa kuendelea. Sasa mfanyakazi wa ndani anawezaje kukaa na jiko bila kuwasha moto siku nzima? Nikafikiri mpaka kichwa kikatoa moshi. Ndipo nikaona Bibi anavyopenda bokoboko, ile ngano na nyama inayopikwa taratibu mpaka inakuwa kama uji wa malaika. Nikasema, "Bibi, acha mimi niwe nawapikia bokoboko kila wiki, ya kulala motoni." Ijumaa kabla ya magharibi naweka bati juu ya moto mdogo, sufuria juu ya bati, na pembeni kijisufuria cha mayai yangu, na moto haulali mpaka Jumamosi mchana. Chai nachemshia hapohapo. Na mimi nyama yenyewe nilikuwa siili, kwa sababu ya machinjo yetu, nikawaambia tumbo langu linagombana na nyama. Hebu fikiria: mwanamke anayepika bokoboko kwa bidii kuliko Oman nzima, na hajawahi kuionja. Kazi nyingine nilifanya, nilibeba, niliosha. Sabato yangu ilikuwa na viraka kama suruali ya fundi. Lakini moto sikuwasha.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kutoka, nikawa naenda Ruwi kwa Naume. Naume alikuwa wa kwetu, amenizidi miaka sita na madarasa tisa, kwa kuwa yeye alifika la kumi na moja na mimi la pili, nalo nililipita kwa huruma ya mwalimu. Alifanya kazi kwenye nyumba ya ghorofa ya tano karibu na stendi ya mabasi, na juu ya paa, katikati ya matangi ya maji na nguo za watu, ndipo tulipokuwa na shule yetu. Tunaita havruta. Ni watu wawili na kitabu kimoja, hakuna mwalimu, hakuna mwanafunzi, mnabishana mpaka maneno yanatoka jasho. Peke yako hairuhusiwi kwa sababu peke yako unajidanganya. Kitabu chetu kilikuwa daftari aliloandikiwa na babake, limejaa maneno ya wazee wetu ya kusoma, kusali na kukaa na watu, na Naume alikuwa amelivalisha jalada la kitabu cha mapishi lenye picha ya keki. Kila Ijumaa neno moja. Kavana, kusali na moyo ukiwepo. "Wewe moyo wako uko wapi ukisali?" aliniuliza. "Kwenye mlango," nikasema, "unasikiliza kama kuna mtu anakuja." Alicheka mpaka njiwa wakaruka. Shalom bait, amani ya nyumba. Lashon hara, ulimi mbaya, kusema habari mbaya ya mtu hata kama ni ya kweli. "Hata kama ni ya kweli?" nikalia. "Sasa watu wataongea nini?" Na hapohapo, kwa neno hilohilo, alikuwa ananifundisha herufi. "Usilitazame neno mara moja," anasema, "litazame mara mbili. Mara ya kwanza unaona unachotaka. Mara ya pili unaona kilichoandikwa."

Mwezi baada ya Ramadhani Bibi akaanza kulegea. Jasho baridi, mikono inatetemeka, anaanza sentensi Ghubra anamalizia Unguja ya mwaka wa zamani. Alikuwa na sukari na presha, na dawa zake zilikuwa chini ya mamlaka ya Bi Salma, anayezipanga kila Jumamosi kwenye kikasha cha vijumba saba, amechoka na kazi yake mpya, mara nyingi simu imebanwa begani. Na kipindi hichohicho akaanza kuja Bi Thuraya, khalati yake Bi Salma, yaani dada wa mamake. Bi Thuraya alikuwa redio ya Ghubra. Ukipiga chafya kwake asubuhi, adhuhuri Matrah wanakuombea dua. Siku ya Alkhamisi nilikuwa nakuna nazi chini ya dirisha la jiko, wao wako barazani na halwa na kahawa, nikasikia:

"Huyo msichana wenu ana kikombe cha maji uvunguni. Nimekiona kwa macho yangu."

"Khalati, umeingia chumbani kwake?"

"Mlango ulikuwa wazi." Haukuwa wazi. "Na ananong'ona alfajiri. Na sufuria lile! Kila Ijumaa linachemka mpaka Jumamosi, yeye hali hata kijiko. Nani anapika asichokula? Hebu nambie. Tangu lini mama mkwe wako anaumwa?"

"Khalati, astaghfirullah."

"Miye simtuhumu mtu. Nnauliza tu. Jumamosi baada ya alasiri namleta maalim, amuulize anasoma nini."

Bi Salma akammiminia kahawa nyingine. Nikaendelea kukuna nazi ambayo ilikuwa imekwisha, nikakuna kifuu, nikakaribia kukuna kidole. Yaani nilikuwa nimejiandaa mwaka mzima kuogopa kuitwa Myahudi, kumbe naitwa mchawi. Nikajikuta nachagua. Uchawi nikitaka kujivua, lazima niseme yale maji ni ya nini na yale maneno ni ya nani. Sijui kama umewahi kusimama kati ya milango miwili, na nyuma ya kila mmoja kuna simba. Naume angesema mbwa. Basi, mbwa wawili, lakini wakubwa.

Jioni ileile Bibi akanituma kwenye kabati lake nimletee dawa ya kifua. Pale kulikuwa na boksi mbili za dawa, moja ya buluu ya zamani, moja nyeupe mpya kutoka duka la dawa. Sijui kwa nini nilisimama. Labda kwa sababu ya kuzoea kutazama mara mbili. Maandishi makubwa hayakufanana kabisa. Lakini chini yake kulikuwa na maandishi madogo, na yale nikayapitia herufi moja moja kwa kidole kama kipofu, na yalikuwa yaleyale. Herufi kwa herufi. Nikafungua kikasha cha vijumba saba. Kila kijumba kilichosalia kilikuwa na kidonge kutoka boksi ya buluu na kidonge kutoka boksi nyeupe. Dawa moja, majina mawili, na Bibi anakunywa mara mbili. Na wazo lililokuja mbio kabla ya mengine yote, silifichi, lilikuwa: nimepona. Jumamosi wakiniuliza, nawaonyesha Salma.

Kesho yake nilipanda ngazi za Ruwi kama ninayefukuzwa. Naume alisikiliza huku anakamua shuka. Nilitegemea atanisifu kwa kusoma. Badala yake uso ukamwisha damu. "Wewe umejuaje kusoma?" akasema. "Watakuuliza hivyo. Na nani amekufundisha? Na wapi? Watakuja mpaka hapa juu, Esta. Mimi nina mtoto nyumbani anayesoma kwa mshahara huu." Nikamwambia Bibi atakufa. Akasema huenda umekosea, wewe wa darasa la pili. Nikamwambia, "Ulisema nitazame mara mbili, nimetazama mara tano!" Tulibishana kwa kunong'ona, ubishi mbaya kuliko wa kelele, mate yanaruka na sauti haitoki. Mwisho nikachukua pochi yangu nikashuka. Nilikuwa ghorofa ya pili niliposikia ndala zinapiga ngazi nyuma yangu. Naume amekuja na daftari la keki mkononi, anahema. "Pikuakh nefesh," akasema. "Kuokoa roho ya mtu. Inashinda Sabato, inashinda hata woga wangu. Lakini usimseme mbele ya watu. Kuna neno hatujalisoma, tokhakha, kumwonya mtu. Unamwambia peke yake. Kumwaibisha mtu mbele za watu, wazee wetu wanasema, ni kama kumwaga damu yake. Mwambie ukiwa unatazama sufuria, usimtazame yeye." Halafu akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama samaki. "Na ukitimuliwa, njoo hapa. Tutaogopa pamoja."

Jioni ile nilimtafuta Bi Salma nikamkosa, wote isipokuwa Bibi walikwenda kwenye maulidi ya jamaa. Nikafungua kikasha, kijumba cha Ijumaa kitupu tayari kwa kuwa Bibi alikuwa mtu wa kuwahi, nikakificha kidonge cheupe cha Jumamosi mfukoni mwangu. Nilidhani nimemaliza. Sikujua kwamba kile cha Ijumaa kilikuwa bado kinafanya kazi mwilini mwake. Asubuhi ya Jumamosi Bwana Nassor na mkewe wamekwenda Matrah kutafuta samaki, nikaingia na chai, nikamkuta Bibi ameegemea ukuta, amelowa kama aliyetoka kisimani, macho yanatazama mahali ambapo sipo. "Mama," akaniita, mimi mjukuu wake kwa umri, "funga dirisha, mvua." Hakuna mvua. Kwetu nilimwona mzee wa sukari akifufuliwa kwa asali, basi nikakimbilia halwa ya Bi Thuraya iliyobaki barazani, nikampakaza kwenye fizi kwa kidole, kidogokidogo, huku nasema yale maneno yangu ya alfajiri kwa sauti, bila kunong'ona, sijali nani anasikia. Kavana, ndiyo siku hiyo niliijua. Moyo haukuwa mlangoni. Na mkono mwingine ulikuwa tayari umeshika simu, siku ya Sabato, mara ya kwanza maishani, nampigia Bi Salma. Robo saa nzima, kwangu mimi miaka saba, mpaka Bibi akalamba midomo akasema, "Halwa hii imezidi iliki." Nikalia juu ya miguu yake.

Bi Salma alipofika nilimvuta jikoni. Bokoboko inachemka. Nikaweka boksi mbili kando ya jiko, nikashika mwiko, nikatazama sufuria. "Bi Salma," nikasema, "haya maandishi madogo naona yamefanana. Labda mimi sijui kusoma. Naomba uulize." Nilikoroga. Nikasikia boksi moja inainuliwa, halafu ya pili. Halafu pumzi. Akasema, "Esta, umemwambia nani?" Nikasema, "Nimeliambia sufuria." Akaziweka boksi mkobani. Walimpeleka Bibi hospitali, na adhuhuri wakarudi naye amekaa, analalamika kuhusu viti vya hospitali. Sukari ilishuka, Bwana Nassor alisema, na zaidi ya hapo hakujua. Bi Salma alipita mbele yangu bila kunitazama. Nikasema basi, hapo ndipo umeishia, Esta. Funga sanduku.

Baada ya alasiri wakaniita sebuleni. Maalim alikuwa mtu mpole mwenye mafua, anapenga kila dakika, na Bi Thuraya amekaa kama hakimu, kikombe changu cha maji kiko mbele yake juu ya kitambaa. Alisema yote: maji, kunong'ona, ndoo iliyoyeyuka, sufuria. "Na leo asubuhi alikuwa peke yake na mgonjwa, mgonjwa kazimia!" Bi Salma alikuwa ameketi kando ya mlango, mkoba mapajani. Maalim akanigeukia, "Binti, una la kusema?" Nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, la kweli tupu, maneno matano tu na mimi huru. Nikauma ulimi. Sijisifu. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba hata ningetaka kusema meno yasingefunguka. Nikasema, "Sina, maalim."

"Mmeona?" akasema Bi Thuraya.

"Khalati, nyamaza," akasema Bi Salma. Akafungua mkoba, akaziweka zile boksi mbili mezani, moja juu ya nyingine. "Ni mimi. Nimempa dawa maradufu wiki tatu. Daktari amehakikisha. Huyu ndiye aliyeona, akaniambia peke yangu, na hapa amekaa mnamkaanga na hakunitaja." Hakulia. Bwana Nassor alizitazama boksi muda mrefu, halafu akainuka, akaenda kukaa karibu na mkewe.

Maalim akapenga. "Ya ugonjwa yamekwisha," akasema. "Lakini hayo unayonong'ona ukiamka ni maneno gani, binti?" Ningeweza kusema chochote. Lakini mtu ametoka kujivua mbele yangu hivyo, mimi nitajificha wapi? "Namshukuru Mungu amenirudishia roho yangu asubuhi," nikasema. Maalim akaitikia kwa kichwa. "Na sisi tunamshukuru hivyohivyo tukiamka. Umefunzwa na nani?" "Na babu yangu. Sisi ni Mayahudi, maalim." Nikahesabu maua ya zulia. Nilifika kumi na saba, ndipo Bi Thuraya akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Miye nilidhani mchawi."

Bibi akacheka kutoka chumbani mpaka akakohoa. Wengine hawakucheka. Bwana Nassor alisema taratibu, "Hili lisitoke nje ya mlango huu," na sauti yake ilikuwa na woga, ndipo nikajua siogopi peke yangu. Akamtazama Bi Thuraya. Sote tulimtazama Bi Thuraya. Redio ya Ghubra. Miezi yote iliyobaki ya mwaka ule kila nilipoingia dukani nilisubiri kusikia habari yangu inanirudia kutoka mdomo wa muuza vitunguu. Ijumaa nilipanda ngazi za Ruwi natazama nyuma. Habari haikurudi.

Miaka imepita. Bibi ametangulia, Naume alirudi kwetu Mbale akaniachia daftari, na mimi nina chumba changu Ruwi na magoti yanayopiga kelele kama bawaba. Nilipompa Bi Salma habari ya msiba alisema, "Leta kitabu chako. Ulisema si cha kusomwa na mtu mmoja." Basi jana nilikuwa Ghubra, kwenye baraza lilelile, keki ya jaladani imefifia mpaka inafanana na sabuni. Tulikuwa kwenye neno teshuva, kurudi, na Bi Salma alikuwa tayari ameanza kunibishia, nikasikia raha na uchungu kwa pamoja, ndipo Bi Thuraya akaingia na fimbo yake, nyuma yake kuna sauti za wageni wanavua viatu. Nikalivuta daftari mapajani. Akalitazama daftari, akanitazama mimi.

"Mnasoma nini?" akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mapishi, khalati," akasema Bi Salma.

"Haya," akasema Bi Thuraya. Akageuka na magoti yake mabovu zaidi ya yangu, akatoka kuwapokea wageni, akaufunga mlango nyuma yake.